Kiingereza cha Barua: “Better” si “More Good”

Mkulima mmoja na achukuliwe kuwa mfano. Mwaka ni 1964, mwaka ambao mbegu za kwanza za mahindi chotara kutoka kituo cha utafiti cha Kitale zilianza kutolewa kwa wakulima wa Kenya. Mkulima huyo amekwisha kupanda gunia moja la mbegu za kale alizozinunua dukani, wala hakuridhika nazo, kwa maana mimea ilitoka dhaifu ikazaa kidogo. Sasa ataka mbegu nzuri kuliko zile. Aketi, ashike kalamu, na kumwandikia mwenye duka kwa Kiingereza: “Please send me more good seed.” Baada ya siku chache aletewa gunia jingine la mbegu zile zile, pamoja na bili yake.

Mwenye duka hakumdanganya. Barua ilimwambia alete mbegu nzuri nyingine, ziwe nyongeza juu ya zile za kwanza, naye akafanya kama alivyoagizwa. Mkulima alitaka “better seed”. Kwa ajili ya neno moja amelipa mara mbili, na mvua nayo haingoji barua ya pili.

Kosa la namna hii si la ujinga. Latoka katika tabia ya Kiswahili chenyewe. Katika Kiswahili neno la sifa halibadiliki kwa sababu ya kulinganishwa. Watu husema “shamba kubwa”, na “shamba kubwa kuliko lile”, na “shamba kubwa kupita yote”, na siku zote “kubwa” ni lile lile. Kazi ya kulinganisha hufanywa na maneno mengine yanayolifuata: kuliko, kupita, kushinda, zaidi ya. Pengine hata hayo hayahitajiwi. Mtu aliyewekewa mikungu mitatu ya ndizi, akaambiwa “huu ndio mkubwa”, hana haja ya kuuliza zaidi.

Kiingereza hakifanyi hivyo. Humo neno la sifa lenyewe hubebeshwa mzigo, tena hubebeshwa mara moja tu. Sifa fupi, yaani zenye silabi moja, huongezewa “-er” zinapolinganishwa vitu viwili, na “-est” kitu kimoja kinapopita vyote: “tall, taller, tallest”. Herufi ya mwisho huandikwa mara mbili katika maneno kama “big, bigger” na “hot, hotter”; na “y” inayofuata konsonanti hugeuka kuwa “i”, kama katika “heavy, heavier” na “dry, drier”. Sifa ndefu, kama “expensive” na “important”, haziongezewi kitu mwishoni, bali hutanguliwa na “more” au “most”. Zile zenye silabi mbili zimegawanyika: “narrow”, “simple” na “easy” hufuata zile fupi, lakini “useful”, “careful” na “honest” hufuata zile ndefu. Hapo hapana njia ila kusoma sana na kusikiliza.

Kuna jambo moja la matamshi ambalo msemaji wa Kiswahili aweza kulishika upesi kuliko watu wengi. Neno “long” huishia kwa sauti ile ya mwanzo wa “ng'ombe”. Lakini likiwa “longer”, sauti hugeuka kuwa ile ya “ngoma”. Ndivyo ilivyo kwa “strong” na “young” pia. Hata hivyo “singer”, yaani mwimbaji, hubaki na sauti ya “ng'ombe”, kwa sababu “-er” yake si ya kulinganisha, ni ya kumtaja mtendaji. Hizo ni “-er” mbili zilizo mbalimbali kabisa. “Cleaner” huweza kuwa mtu anayefagia ofisi, au kuwa sifa ya ofisi iliyo safi kuliko nyingine.

Yako maneno machache yasiyotii sheria yoyote, na kwa bahati mbaya ndiyo yanayotumiwa kila siku: “good, better, best”, “bad, worse, worst”, “little, less, least”, “much” na “many”, ambayo yote mawili huwa “more” na “most”. Hayo ni ya kukaririwa tu. Mtu asiyeyajua huenda akaunda “gooder” au “badder”, na msomaji wa barua atacheka. Lakini “more better” ndilo kosa lililoenea zaidi. Aliyeliandika ameanza vizuri kwa “better”, kisha akakumbuka “zaidi” ya Kiswahili akaiweka mbele. Mzigo umebebwa mara mbili.

Ni haki kusema kwamba Waingereza wenyewe zamani walifanya vivyo hivyo. Shakespeare, aliyekufa mwaka 1616, katika mchezo wake wa Julius Caesar, ule ambao Julius Nyerere aliufasiri kwa Kiswahili na kuchapishwa mwaka 1963, alichukua sifa iliyokwisha kutiwa “-est” akaitanguliza “most” vile vile, na watu wa wakati wake hawakuona kasoro. Ni baadaye ndipo wenye kuandika vitabu vya sarufi walipokaza kamba. Robert Lowth, mtu wa kanisa aliyepata kuwa Askofu wa London, alitoa sarufi yake mwaka 1762, na humo aliyakataa maneno yaliyolinganishwa mara mbili. Tangu zamani hizo, karani anayeandika “more better” hawezi kujitetea kwa jina la Shakespeare.

Wala Kiswahili si kigeni kabisa katika jambo hili. Neno “afadhali” limetoka katika Kiarabu, na katika lugha hiyo umbo lake lenyewe lamaanisha “bora kuliko”. Shina lake ni lile lile la “fadhili”. “Aghalabu” na “akali” ni ndugu zake kwa umbo. Kwa hiyo asemaye “afadhali zaidi” amefanya kwa Kiarabu lile lile linalofanywa na “more better” kwa Kiingereza, ingawa mitaani hakuna atakayemkosoa.

Baada ya sifa huja “than”, nayo husimama mahali pa “kuliko”. Wengi huiandika “then”, kwa kuwa masikioni hukaribiana. “Then” ni “kisha” au “wakati ule”, na haiwezi kulinganisha chochote. Wengine huandika “than” vizuri lakini husahau “-er”: “Mombasa is hot than Nairobi.” Hiki ni Kiswahili kilichovaa koti la Kizungu. “Mombasa is hotter than Nairobi” ndiyo sawa.

Makarani wana shimo lao peke yao. Maneno “senior”, “junior”, “superior” na “inferior” yalitoka katika Kilatini yakiwa yamekwisha kulinganishwa. “Senior” kwa asili ni “mzee kuliko”. Kwa hiyo hayapewi “more”, wala hayafuatwi na “than”, bali na “to”. Karani aombaye kupandishwa cheo akiandika “I am senior than the other clerk”, barua yake yamshuhudia vibaya juu ya kazi ile ile anayoiomba. Yampasa kuandika “senior to”. “Elder” nalo lina desturi yake: husemwa “my elder brother”, yaani ndugu yangu mkubwa, lakini haliwezi kufuatwa na “than”, hapo hutumiwa “older”. Na neno hilo hilo “elder” ndilo Waingereza wamwitalo mzee wa kijiji, kana kwamba amelinganishwa na watu wote waliobaki.

Kuchagua sifa yenyewe pia kwahitaji uangalifu, kwa maana “refu” ya Kiswahili ina kazi nyingi. Mtu mrefu ni “tall”, kamba ndefu ni “long”, kisima kirefu ni “deep”, na mlima mrefu ni “high”. Basi mlima Kilimanjaro, wenye mita 5,895, ni “higher than” mlima Kenya, wenye mita 5,199. Mlima Kenya ni “the highest mountain in Kenya”. Lakini atakayeandika “Mount Kenya is higher than any mountain in Kenya” amesema jambo lisilowezekana, kwa sababu mlima huo nao umo Kenya, wala hauwezi kujipita wenyewe. Lazima aseme “any other mountain”. Vitu vikiwa viwili tu, “-est” haitakiwi: katika wana wawili, mdogo ni “the younger”.

Liko kosa jingine ambalo Kiswahili, kikisikilizwa vema, chaweza kumwokoa mwandishi. Mtu huandika: “The soil of my farm is better than my neighbour.” Hapo udongo umelinganishwa na jirani, jambo ambalo jirani hatalipenda. Kwa Kiswahili hakuna asemaye “udongo wa shamba langu ni mzuri kuliko jirani”. Husemwa “kuliko wa jirani”. Ile “wa” ndogo ndiyo iwakilishwayo na “-'s” ya Kiingereza: “better than my neighbour's”. Katika hati za mipaka na mashamba, alama hiyo si kitu cha kuachwa.

Na mara nyingine Kiingereza hupambanua mambo ambayo Kiswahili huyaacha pamoja. “Alimsaidia ndugu yangu kuliko mimi” yaweza kuwa na maana mbili. Kiingereza cha kitabu huandika “more than I” ikiwa mimi nami nilimsaidia ndugu huyo, na “more than me” ikiwa mimi ndiye niliyesaidiwa kidogo. Lakini katika mazungumzo Waingereza wengi husema “me” kwa yote mawili; kwa hiyo katika barua ya urithi au ya deni ni salama kumaliza sentensi kabisa: “more than I did”, au “more than he helped me”.

Msomaji mwenye kalamu karibu naye ajaribu sentensi hizi nne, moja kati yake ikiwa haina kosa lolote. “This road is more shorter than the old one.” “Of the two heifers, the brown one is the younger.” “The clerk's handwriting is neater than the chief.” “Our store needs a more large door.” Majibu yatapigwa chapa juma lijalo.