Mgomba umeingia maabara, mti wa dawa umeachiwa panga

Leo nitawaudhi watu wa aina mbili. Kwanza, waheshimiwa wanaopanda majukwaani kusifia "utajiri wetu wa tiba asili" kisha wanashuka kwenda kula posho. Pili, wenzangu wanaoamini kwamba dawa ikishapita maabara imekwisha nguvu. Nasema hivi: nchi inayoweza kukuza migomba ndani ya chupa haina udhuru wa kuacha miti yake ya dawa imalizwe kwa panga.

Tuelewane kwanza. Ukuzaji wa tishu si uchawi. Unachukua kichipukizi kidogo cha mmea, unakisafisha kisibaki na kijidudu, unakiweka kwenye chupa yenye chakula kilichoganda kama jeli: maji, sukari, madini na vichocheo vya ukuaji. Kinachipua. Unakikata vipande, kila kipande unakipa chakula kipya, navyo vinachipua. Baadaye vinatoa mizizi, vinahamishiwa kivulini, vinazoeshwa jua na upepo kidogo kidogo, mpaka shamba. Mti mama unabaki umesimama palepale.

Kazi hiyo inafanyika hapa hapa nyumbani. Mikocheni, Dar es Salaam, wanaijua. Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro wanaijua. Mlingano, Tanga, wanaifanya kwa mkonge. Wakulima wa ndizi wanaita "miche ya tishu" bila kushangaa. Lakini mche wa tishu wa mti wa dawa? Mimi sijawahi kuuona ukiuzwa kijijini. Tafiti zipo, tena nyingine nzuri, zimelala kwenye makabati ya vyuo. Mganga hachemshi makaratasi.

Hebu twende Kua, kisiwa cha Juani, Mafia. Watalii huvuka kwenda kuona magofu: misikiti, makaburi, jumba la mtawala, mibuyu imeota katikati. Ni mji uliovamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19, watu wakauawa na wengine wakachukuliwa utumwani. Nilipokwenda mimi, mzee aliyetutembeza alisimama kwenye mti mmoja nyuma ya magofu. Gome lilikuwa limechunwa mzunguko mzima wa shina. "Huu umekwisha, mwanangu," akasema. Nikamuuliza jina lake na unatibu nini. Akacheka, akaendelea kutembea. Sikumlazimisha. Alikuwa na haki yake, na nitaeleza kwa nini.

Mti ukichunwa gome pande zote haukauki siku hiyo. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kwenye mizizi kupitia gome. Ukilikata duara zima, mizizi inakufa njaa polepole, na mti unaifuata. Anayeng'oa mzizi ndiyo kabisa, anaondoka na kila kitu. Zamani mganga alichuna upande mmoja, akauacha mti upone. Leo anayechuna si mganga, ni mtu mwenye gunia na oda ya mjini. Samaki wa Mafia wana hifadhi ya bahari tangu 1995. Magofu yana watu wa Mambo ya Kale. Mti huu una nani?

Msiniambie dawa hizi ni mambo ya washamba. Mwaka 2011 nchi nzima ilihamia Loliondo kunywa kikombe cha Babu kwa shilingi 500. Mawaziri nao walipanga foleni. Tulibishana kama kikombe kinaponya au hakiponyi, lakini ni wangapi waliouliza mugariga utatoka wapi kama foleni ile isingekatika?

Huko nje nako wanajua thamani yake. Gome la Prunus africana, mti wa milima yetu kuanzia Kilimanjaro hadi Kenya, Uganda na Kameruni, hutengenezewa dawa ya tezi dume Ulaya. Ulichunwa mpaka mwaka 1995 biashara yake ikawekwa chini ya udhibiti wa kimataifa. Na kuna lile ua la waridi na jeupe linaloota kwenye michanga ya pwani, Catharanthus roseus, asili yake Madagaska. Linatoa vinkristini na vinblastini, dawa za saratani, ikiwemo saratani ya damu ya watoto. Tani nzima ya majani hutoa kiasi kidogo mno. Basi mwaka 2022 watafiti walitangaza katika jarida la Nature kwamba wameirekebisha hamira itengeneze malighafi ya vinblastini. Hamira! Maana yake wanaokwenda mbio hawatausubiri mti wetu, na siku hizo hizo sisi tutakuwa kwenye semina.

Sasa wapinzani wangu. Wanasema mti wa maabara hauna nguvu. Hoja hiyo siidharau. Kiasi cha dawa ndani ya mmea hubadilika kwa udongo, umri na msimu, na miche yote ikitoka kwa mama mmoja, ugonjwa mmoja unaweza kuifagia. Lakini hayo yana jibu: chukueni vichipukizi kwenye miti mama mingi, ipandeni kule kule ilikotoka, kisha pimeni. Muhimbili kuna Taasisi ya Tiba Asili, kazi yake ilianza mwaka 1974 kama kitengo cha utafiti. Wapeni wapime. Mti uliokufa hauna nguvu yoyote ya kupima.

Hoja ya pili ndiyo nzito, na ndiyo iliyomfanya yule mzee acheke. Akitaja jina, kesho anakuja mtu na koti jeupe, anaondoka na kichipukizi, na Juani haimsikii tena. Hofu hiyo ina msingi. Kwa hiyo maabara bila mkataba mimi siitaki. Tunayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na upo Mkataba wa Nagoya wa mwaka 2010 unaodai aliyetoa mmea na maarifa agawiwe faida. Basi itumike: maandishi kwa Kiswahili, yasomwe mbele ya mkutano wa kijiji kabla wembe haujagusa tawi, na miche ya kwanza irudi kisiwani, si kwenye maonyesho ya Nanenane kupigiwa picha.

Gharama? Chupa, sukari na umeme tayari tunavilipia kwa ajili ya ndizi. Tengeni rafu moja ya dawa katika kila maabara ya tishu ya serikali. Rafu moja tu! Mkishindwa hata hiyo, acheni kutuhutubia juu ya utajiri, maana utajiri huo unaondoka Juani ndani ya magunia.

Haya, kazi kwenu waheshimiwa.