Maji Kwanza, Samaki Kisha



Juma lililopita, kisha mkutano wetu, wamama watatu walinisimamisha njiani na swali moja: "Mwalimu, bwawa la kikundi limejaa maji tangu siku tatu. Mbona hatuleti samaki?" Yule anayeuzisha watoto wa samaki anapita Jumamosi hii, bei yake ni nzuri, na feza iko tayari ndani ya kisanduku. Ninajua kungoja kunachosha. Lakini ninaomba tungoje, na leo ninaeleza sababu, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikwisha kulipa bei ya haraka.

Miaka minne iliyopita, kule bondeni mwa Ruzizi, mimi na mama mkwe wangu tulichimba etangi yetu ya kwanza. Tuliijaza maji siku ya Jumatatu. Ili samaki wakute chakula, nikamwaga mifuko miwili ya mavi ya kuku, yakiwa mabichi bado. Jumatano tukatia tilapia 200. Alhamisi alfajiri tukawakuta wametoa midomo juu ya maji, wanatafuta hewa. Ijumaa tulihesabu waliobaki: 11. Ile feza ilikuwa minervali ya mdogo wangu ya trimesta nzima.

Nilitaka kusema tumeuzishiwa samaki wagonjwa. Mama mkwe akaniangalia tu, akasema: "Mwanangu, mgeni haitwi mbele ya nyumba kufagiwa." Ni kweli. Kosa lilikuwa langu.

Haya ndiyo yaliyotokea. Mavi mabichi yakioza ndani ya maji, yanakula hewa ile ile ambayo samaki anapumua, na yanatoa amonia, sumu inayounguza mashavu yake. Usiku ni hatari zaidi. Mchana vijani vidogo sana, vile vinavyofanya maji yawe na rangi ya kijani, vinatoa hewa kwa nguvu ya jua. Usiku navyo vinapumua kama sisi. Ndiyo maana samaki wetu walianza kufa alfajiri, si saa sita ya mchana. Maji mapya yanaonekana safi, lakini hayajawa nyumba bado.

Sasa tufuate hatua moja moja. Mbili za kwanza tulikwisha kuzimaliza pamoja.

Ya kwanza ni kukausha. Tuliacha udongo wa chini upate jua mpaka ukapasuka nyufa. Jua linaua mayai ya wadudu, na vyura na samaki wa pori wanakosa pa kujificha.

Ya pili ni chokaa ya shamba. Kwa ari moja, ni kusema mita 10 kwa mita 10, inatosha kilo 10 mpaka 20, kufuatana na ukali wa udongo. Kisha tuliacha juma moja mbele ya kutia mbolea. Chokaa ya moto ya kujengea si ile, inaunguza mikono, musiichanganye.

Ya tatu ni mbolea, na hapa ndipo nilipoanguka. Mbolea iwe imeoza vizuri, na iwekwe ndani ya uzio wa miti kwenye pembe ya bwawa, isimwagwe kila mahali. Kilo kama 10 za mavi ya ng'ombe kwa ari moja zinatosha kuanza. Tutaongeza kidogo kidogo kila juma, tukiangalia rangi ya maji.

Ya nne ni maji yenyewe. Mahali yanapoingilia tumefunga wavu ili samaki wa pori wasiingie. Mama mmoja alileta mustikeri ya zamani kwa kazi hiyo, na ninamshukuru kwa moyo wake, lakini niliirudisha. Mustikeri zile zimetiwa dawa ya kuua mbu, na dawa hiyo inaua samaki pia.

Ya tano ni kungoja, na ndipo tuko sasa. Tunahitaji siku 7 mpaka 10 ili maji yapate rangi ya kijani. Kipimo hakiombi chombo cha kununua. Ingiza mkono wima ndani ya maji, kiganja kikiwa kimefunguliwa. Kama kiganja kinapotea machoni maji yanapofika karibu na kiwiko, chakula kiko. Kama unakiona vizuri hata kiwiko kikiwa kimezama, ngoja tena. Kama kinapotea mapema, maji yakifika nusu ya njia tu, mbolea imezidi. Usiongeze, ingiza maji mapya.

Hata kisha hapo tusitie wote mara moja. Tununue 10, tuwaweke ndani ya kapu lenye matundu, likae ndani ya bwawa mchana na usiku mzima. Wakiamka wazima asubuhi, tulete wengine, 2 kwa kila mita ya mraba, ni kusema 200 kwa ari moja. Tuwalete asubuhi mapema au jioni, jua likiwa halichomi. Mfuko wao uelee juu ya maji dakika 15 mpaka 20 ili joto lilingane, kisha tuingize maji ya bwawa ndani yake kidogo kidogo. Mwishoni tuulaze mfuko, watoke wenyewe. Hakuna kumwaga kama maji ya kufulia.

Ninawaomba basi mambo mawili. Muuzaji wa Jumamosi tumwache apite. Atarudi, na kama harudi, wengine wapo. Na kila asubuhi ya juma hili, mama mmoja apime maji kwa mkono wake na aandike ndani ya kayee ya kikundi aliyoyaona. Nitaanza mimi Jumatatu, mbele ya kwenda masomoni.

Feza ile ndani ya kisanduku tuliitoa franka kwa franka, wengine kwa kuuzisha mihogo, wengine kwa kushona. Siku saba za kungoja hazitugharimu hata franka moja. Samaki 189 waliokufa, hao nilikwisha kuwahesabu kwa mikono yangu.

Tuonane juma lijalo.