MAONGEZI YA NYUMBANI: Hori la Unga na Chumvi



Majilio yameingia, na mama mmoja alinikabili baada ya sala ya Jumapili akaniuliza: Mwalimu, watoto wakubwa wanafundishwa nyimbo za Noeli, lakini hawa wadogo wa miaka mitatu na minne, wasiojua kusoma wala kutulia, wafanye nini wapate kujua ni nani anayezaliwa? Nikamjibu: Wape unga wafinyange. Akacheka, akidhani ninamfanyia mzaha. Basi yafaa nieleze.

Twaeni vikombe viwili vya unga wa ngano na kikombe kimoja cha chumvi laini, mvichanganye vikiwa vikavu. Kisha tieni maji kidogo kidogo, yapata kikombe kimoja, mkikanda kama mkandavyo unga wa chapati, hata donge lisigande tena vidoleni. Likiwa tepetepe, ongezeni unga. Likianza kupasuka, lowesheni mikono tu, msimimine maji. Unga wa mahindi haufai kwa njia hii, maana hauna mnato wa ngano, na kondoo atavunjika miguu kabla hajasimama. Chumvi ya mawe itwangwe kwanza. Kwa rangi, bizari ya manjano hufanya nyota nzuri, ingawa hupauka juani, na masizi ya chungu humpa kondoo mmoja weusi wake. Maganda makavu ya mahindi yachanwe yawe nyasi za horini.

Sanamu zisizidi unene wa kidole. Zikizidi, nje hukauka upesi na ndani hubaki mbichi, nazo hupasuka. Zianikwe juani siku tatu au nne, zikigeuzwa. Huku kwetu milimani mwezi wa Desemba una mvua na ukungu, basi sisi huziweka karibu na jiko, si juu ya moto. Hata zikikauka, chumvi huvuta unyevu wa hewa. Ziacheni penye ubaridi usiku mmoja, nanyi mtamkuta mchungaji amelegea magoti.

Neno moja nalisema kwa nguvu. Donge hili si chakula. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asile hata gramu 5 za chumvi kwa siku moja, na kijiko kikubwa kimoja kina zaidi ya mara tatu ya kiasi hicho. Mtoto mdogo akimeza mapande kadhaa ya donge aweza kudhurika sana. Mwenye kulamba kila kitu asiachwe peke yake nalo. Wala msimpe maharage au shanga za kufanya macho ya wanyama, kwa maana watoto wa umri huo huzitia puani. Macho yatobolewe kwa kijiti.

Sasa niwaambie ya nyumbani kwangu. Mwaka wa kwanza nilipoanza kazi hii, mke wangu alizuia unga. Alisema, ule ni wa maandazi ya Noeli, na si adabu kuuchezea mbele ya jirani asiye na uji. Sikuwa na la kumjibu, maana alisema kweli. Tukapatana: unga kikombe kimoja tu, kwa ajili ya Mtoto Yesu na nyota; wengine wote wafanywe kwa udongo wa mfinyanzi kutoka mtoni, usio na bei.

Hapo likazuka jambo nisilolitazamia. Mama mkwe wangu, mzaliwa wa Usambara, alipoona watoto wanafinyanga watu wa udongo, alisimama mlangoni akasema, “Mwalimu, watoto wachanga hawa mnawafundishia udongo?” Nilifahamu mara moja. Zamani katika nchi hizi, kwa Wasambaa na kwa Wazigua, vijana walipofunzwa utu uzima walionyeshwa sanamu ndogo za udongo, na kila sanamu ilikuwa na fundisho lake. Hayakuwa mambo ya kuonwa na mtoto asiyefikia wakati. Wengine wetu huwacheka wazee wakisema hivi. Mimi sikucheka. Yeye alijua kuliko mimi kwamba udongo ni mwalimu, na kwa sababu hiyo aliogopa.

Nikamweleza kwa heshima ya ukwe kwamba sanamu hizi hazina siri, wala hatuziabudu. Na kwamba mwaka 1223, katika mji wa Greccio huko Italia, Mtakatifu Fransisko wa Asizi alitayarisha hori lenye nyasi, pamoja na ng'ombe na punda walio hai, ili watu wayaone kwa macho mateso ya baridi na umaskini aliyozaliwa nayo Bwana. Hakunijibu. Siku mbili alipita akitazama pembeni. Siku ya tatu akasimama nyuma ya binti yangu, akasema, “Ng'ombe gani huyu asiye na nundu?” Akaketi, akamfanya mwingine. Nundu ile ilikuwa nzuri kuliko kichwa.

Mzazi atakayefanya kazi hii ajiandae kwa maswali. Wangu waliniuliza, punda ameandikwa wapi? Katika Injili ya Luka kuna hori na wachungaji, lakini ng'ombe na punda hawakutajwa. Wametoka katika maneno ya nabii Isaya, sura ya kwanza, juu ya wanyama wamjuao bwana wao. Wala Mathayo hakusema mamajusi walikuwa watatu. Zawadi ndizo tatu. Basi mtoto akifanya mamajusi watano, mwacheni. Binti yangu alimfanya Mtoto Yesu mkubwa kupita ng'ombe. Kaka yake akataka kumpunguza, nami nikamkataza.

Hori likae tupu hata usiku wa tarehe 24, ndipo mdogo kuliko wote amlaze Mtoto. Kungoja huku ni kugumu kwao. Wa kwetu alikwenda kuchungulia kila asubuhi, na mara moja tulimkuta Mtoto Yesu amekwisha kulazwa, amefunikwa kwa kipande cha kanga. Tukamtoa, tukamrudisha kabatini, naye akalia.

Donge lililobaki liwekwe katika chombo chenye kifuniko, nalo litafaa siku kadhaa. Baada ya Epifania, tarehe 6 Januari, za udongo zirudishwe mtoni wakipenda, na za unga zifukiwe shimoni, mbali na miche. Kuku wasipewe, wala mbwa. Chumvi ile itawaua.