Vitabu vya Huzuni Vibaki Darasani

Katika mkutano wa wazazi wa mwezi uliopita, mama mmoja wa Columbus alisema jambo ambalo wengi waliliitikia kwa vichwa. "Mwalimu, watoto wetu wameona ya kutosha, na sisi pia. Jumamosi waleteeni sungura na fisi, wacheke, wajifunze lugha. Hivi vitabu vya watu kufa viacheni." Sikumjibu siku ile. Najua alikotoka na najua anachokilinda. Leo namjibu, kwa heshima: dada yangu, naomba vibaki.

Nianze na ya nyumbani kwetu. Msiba huku Marekani hutufikia kwa simu, mara nyingi saa tisa za usiku, kwa sababu Uvira au Kigoma kumekwisha kucha. Mama anaingia bafuni na kufungulia maji ili kilio chake kisisikike. Asubuhi mtoto anauliza mbona macho yako mekundu, anaambiwa ni mafua. Jioni nyumba inajaa watu, viti vinaazimwa kwa majirani, michango inaandikwa kwenye daftari, na watoto wanawekwa chumbani na tableti, mlango umefungwa. Mtoto anajua kuna jambo, ila hana maneno ya kuliulizia. Niliwahi kuuliza darasa langu hapa Louisville maana ya matanga. Mvulana wa miaka kumi na mmoja akajibu, "Ni pati ambayo wakubwa hawacheki." Wenzake walicheka. Mimi nilishindwa kuendelea na somo kwa muda.

Sasa chukueni riwaya ya Abdulrazak Gurnah iitwayo The Last Gift, iliyotoka mwaka 2011, miaka 10 kabla mwandishi huyu wa Zanzibar hajapewa Tuzo ya Nobel. Baba wa familia ni Abbas, baharia wa zamani aliyehamia Uingereza. Ana mke, Maryam, ambaye mwenyewe aliokotwa akiwa mtoto mchanga, na watoto wawili wakubwa, Hanna na Jamal. Hanna siku hizi anajiita Anna. (Mnatabasamu? Kila darasa letu lina Anna wake.) Abbas hajawahi kuwaambia wanawe alikozaliwa wala aliowaacha. Kisha anaugua ghafla, na ugonjwa ndio unaomfungua kinywa. Kumbe Zanzibar alimwacha mke mjamzito akatoroka. Miaka yote ile alikuwa akikaa na msiba wake mezani, anakula nao chakula cha jioni, na watoto wanadhani baba ni mkali tu.

Niliposoma riwaya hiyo nilifikiria akina baba ninaowafahamu hapa Louisville na Buffalo, watu wa maneno machache, ambao watoto wao huniambia, "Baba hapendi maswali." Mtoto hathubutu kumuuliza baba yake, "Ulimwacha nani kule?" Lakini anaweza kuuliza, "Kwa nini Abbas alinyamaza?" Na baba, ambaye hawezi kusema habari zake, anaweza kusema za Abbas. Nimeona hilo likitokea. Mzee mmoja alikuja kumchukua mjukuu wake, akakaa nyuma kusikiliza. Alianza kwa kumlaumu Abbas kwa ukali, na kabla ya saa kuisha alikuwa anasimulia habari za kaka yake na kambi ya Nyarugusu. Mjukuu alikuwa hajui kwamba babu alikuwa na kaka.

Wako watakaosema hadithi za namna hii humalizia kwa watu kukumbatiana kama kwenye filamu, na maisha hayako hivyo. Kweli, hayako hivyo, na vitabu vizuri havidanganyi. Katika Dust ya Yvonne Adhiambo Owuor wa Kenya, kijana Odidi anauawa Nairobi mwaka 2007. Dada yake Ajany amerudi kutoka Brazili, naye na baba yake wanausafirisha mwili hadi nyumbani kaskazini. Mama, Akai, anapoliona jeneza hakai na wenzake kulia. Anakimbia, anawaacha. Baba anajitia kazini kumjengea mwanawe kaburi la mawe. Ajany anarudi Nairobi kufuata nyayo za kaka yake. Kila mmoja anaomboleza peke yake, kwa njia ambayo mwenzake haielewi, na kupona kwao kunakuja polepole na kwa makovu. Msichana ambaye mama yake alikaa mwezi mzima bila kuongea anahitaji kujua kwamba wako akina mama wengine waliofanya hivyo, na kwamba hakuwa yeye aliyekosea.

Tena kuwaficha watoto kifo si desturi yetu ya zamani, kama wengine wanavyodhani. Mwana Kupona wa pwani ya Kenya alitunga utenzi wake kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima mnamo 1858, miaka michache tu baada ya kufiwa na mume. Alikuwa ameugua mwaka mzima. Hakumtoa binti chumbani. Alimwita akaribie, aje na wino na karatasi. Baadhi ya mawaidha yake kuhusu ndoa mimi siyafundishi bila ubishi, lakini kumwita mtoto karibu nakubaliana nako kabisa.

Kuna mpaka, na hapo namkubalia yule mama wa Columbus. Rosa Mistika ya Kezilahabi ni kazi kubwa, lakini mtoto wa miaka kumi ataikuta atakapokua. Dust na The Last Gift ni za Kiingereza na ni za vijana wa miaka kumi na sita kwenda juu. Wazisome kwa Kiingereza, mazungumzo tuyafanye kwa Kiswahili. Wadogo nitawasimulia kisa cha Mwana Kupona na binti yake kwa maneno mepesi, na sungura hatafukuzwa.

Tutaanza Jumamosi ya pili ya mwezi ujao. Wazazi, njooni mkae nyuma. Viti vipo, na chai nitapika mimi.