Umeshabuku Chumba? Omba Bei Tena

Kuna ugonjwa unatusumbua sisi tunaojiita wasomi wa mjini. Tukiwa Karume tunabishana nusu saa na muuza mitumba kwa ajili ya shilingi 500, tena tunajifanya kuondoka ili atuite. Tukifika mapokezi ya hoteli tunageuka mabubu. Bei ikishaandikwa kwenye karatasi, basi, imekuwa hukumu ya Mahakama ya Rufani. Na kama chumba tulikibuku wiki mbili nyuma, ndio kabisa, hata kuuliza tunaona aibu.

Mimi nasema hapana. Bei ya chumba ulichobuku inaombeka tena, na kuiomba si ubahili wala ushamba.

Chukua safari ya Kitulo, ambayo kila mtu wa rika langu anasema ataenda na wengi wanaishia kusema. Hifadhi imekuwapo rasmi tangu 2005, ina kilometa za mraba zipatazo 413, wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Maua, yakiwemo okidi za aina 45, yanachanua kati ya Novemba na Aprili, wakati wa mvua. Kiingilio si tatizo, raia tunalipa kidogo sana kuliko mgeni. Kinachotuua ni malazi. Unashuka Makambako, pale barabara ya Songea inapoachana na ya Mbeya, unalala hapo au unasogea Njombe, kama kilometa 60 hivi, kisha kesho yake unatafuta gari la Makete. Kwa mshahara wa mwandishi wa habari (msicheke), hizo siku mbili tatu za kulala njiani ndizo zinaamua kama kuna safari au hakuna.

Mwaka jana nilibuku chumba Njombe kwa simu, siku mbili, 80,000 kwa siku, kulipa nikifika. Siku nne kabla ya safari rafiki yangu akapiga hoteli hiyo hiyo, chumba cha aina hiyo hiyo, akaambiwa 60,000. Nikapiga na mimi.

"Kaka, si ulishakubali 80?"

"Ndiyo dada yangu, nilikubali. Ila naona bei imeshuka, naomba na mimi niipate."

Akaenda kwa meneja, akarudi: aliyekwisha kubuku habadilishiwi bei. Nikamuuliza kwa upole, je, nikifuta sasa hivi halafu nikapiga upya kama mteja mpya? Kimya. Halafu akacheka. "Haya kaka, njoo kwa 60."

Yaani mteja aliyewaamini mapema ndiye alitakiwa kulipa zaidi ya aliyechelewa! Na mngapi mnalipa hivyo kila wiki kwa sababu hamkupiga simu ya pili?

Msiniambie mkataba ni mkataba. Mkataba pande mbili zikikubaliana unabadilishwa, sheria haikatazi. Na mwenye hoteli ana sababu ya kukubali. Chumba kilicholala kitupu leo hawezi kukiuza kesho. Kama ulibuku kupitia mtandao, kuna kamisheni inakatwa, mara nyingi karibu asilimia 15, kwa hiyo ukimpigia moja kwa moja ana nafasi ya kukupunguzia na bado akabaki na chake. Mitandao hiyo inalijua hilo vizuri sana, ndiyo maana iliwabana wenye hoteli wasiuze kwa bei ndogo kuliko ya mtandaoni. Ulaya, Booking.com iliachana na masharti hayo 2024 baada ya sheria mpya za Umoja wa Ulaya.

Kabla ya kupiga, soma masharti ya kufuta. Kama kufuta ni bure mpaka tarehe fulani, piga kabla ya tarehe hiyo, maana baada ya hapo huna cha kushika. Usidanganye kwamba umepata bei nyingine kama hujaipata. Wakikataa kushusha, omba chai ya asubuhi iwe ndani ya bei, au chumba chenye maji ya moto ya uhakika. Aliyewahi kuoga Njombe mwezi Julai anajua hilo lina thamani gani. Wakikutajia dola, wakumbushe kanuni za 2025 zinazokataza kutaja bei na kupokea malipo ya huduma za ndani kwa fedha za kigeni.

Ila kuna punguzo moja silitaki: lile la "nitakupunguzia, lakini usidai risiti". Hapo mwenye hoteli hajatoa hata senti yake, mnagawana kodi ya VAT. Dai risiti ya EFD.

Na nisieleweke vibaya. Kuna mama ana gesti ya vyumba sita karibu na stendi, hana mtandao wala meneja, amekushikia chumba kwa neno lako tu na amewarudisha watu wawili mlangoni saa tatu usiku basi lako likiwa bado Mafinga. Huyo ukifika ukaanza kumlalia bei, wewe ni mnyang'anyi. Mlipe alichosema, na shikamoo juu.

Nawazungumzia wale wenye bei tatu za chumba kimoja. Najua baadhi yenu mnasoma hapa. Haya, nielezeni ile 20,000 ilikuwa ya nini.