Bomba lavuja, lodi kimya: mpangaji wa Shimoni aanzie wapi?

Ukipanga chumba Pwani, jibu hili utalisikia kabla hujamaliza kupanga vyombo: "Fundi anakuja kesho, inshallah." Bomba linavuja, kesho. Choo kimeziba, kesho. Bati limetoboka juu ya kitanda na masika yameanza, kesho. Miezi mitatu baadaye umenunua ndoo ya kukingia maji, na lodi anaiona hiyo ndoo kila akija kuulizia kodi, lakini haimsemeshi.

Wanaoandika kuhusu wapangaji Kenya huandika kana kwamba sote tunaishi kwenye maghorofa ya Nairobi yenye lifti na ofisi ya usimamizi pale chini. Shimoni si hivyo, bana. Hapa keja nyingi ni vyumba vinavyotazamana, choo cha pamoja nyuma, tangi au kisima kimoja, na mzee anayekaa chumba cha mbele. Au mzee yuko Mombasa, na keateka ndiye anayehesabu waliolipa na wasiolipa. Wapangaji ni walimu, vijana wa mashua zinazopeleka watalii Wasini na Kisite, watu wa vibarua waliofuata ujenzi wa bandari ya uvuvi. Wengi wameingia kwa mkataba wa mdomo tu.

Halafu kuna hii ardhi yenyewe. Tumejenga juu ya mwamba wa matumbawe, na mji umepata jina kwa sababu ya mapango yake. Mwamba huu una matundu. Shimo la choo likijaa, uchafu haungoji fundi wa kesho, unapenya na kutafuta njia, na njia nyingine inaishia kisimani. Hewa ya chumvi nayo inakula mabati, misumari na bawaba za milango bila kupumzika. Kwa hiyo ukarabati hapa si anasa ya mpangaji mwenye maringo. Ni gharama ya kawaida ya kumiliki nyumba kando ya bahari, na anayepokea kodi ndiye anayepaswa kuipangia bajeti.

Mbona haipangi? Wengi husema uchoyo, na wapo wachoyo kweli. Lakini mimi naona mambo mawili mengine. Kwanza, keateka unayemlalamikia hana hela. Kazi yake ni kukusanya kodi na kufunga milango ya wadaiwa. Ukimwambia bomba limepasuka, ni kama kumweleza konda kwamba barabara ni mbovu. Pili, Pwani hii wako wenye nyumba wengi wasio na hati ya ardhi waliyojengea. Mtu asiyejua kama kiwanja kitakuwa chake miaka mitano ijayo ataziba tundu la leo, hatachimba shimo jipya la choo. Namwelewa. Ila kodi yangu haipungui kwa sababu ya wasiwasi wake.

Sasa sheria. Mimi chuo niliacha, lakini Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 haiulizi cheti kwa anayeisoma. Inatambua upangaji wa mwezi kwa mwezi hata kama mlikubaliana kwa mdomo. Kifungu cha 65 kinampa mwenye nyumba wajibu ambao unakuwepo hata kama mkataba haukuutaja: chumba cha kuishi kiwe kinafaa kwa makao siku unayoingia, na kiendelee kufaa muda wote unaokaa. Ukiwa umepanga sehemu tu ya jengo, paa, kuta za nje, mitaro mikuu na sehemu za pamoja ni juu yake. Soma tena hapo kwenye paa. Ile ndoo yako ilipaswa kuwa shida ya lodi.

Tatizo ni mlango wa kubishia. Watu husikia kuna mahakama maalum ya wapangaji, wanajaa matumaini. Ipo, chini ya Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296. Lakini inahusu nyumba ambazo kodi yake ya kawaida haizidi Sh2,500 kwa mwezi, na sheria yenyewe inapohesabu kodi hiyo inarejelea tarehe 1 Januari 1981. Hesabu mwenyewe ulikuwa wapi tarehe hiyo. Anayelipa elfu nne kwa chumba na choo cha kushirikiana tayari yuko nje ya ulinzi huo, na si kwa sababu ametajirika. Mwaka 2021 kulikuwa na mswada wa kuunganisha na kufufua sheria hizi za wapangaji, lakini uchaguzi wa 2022 ulifika kabla haujawa sheria.

Kwa hiyo mlango ambao vijana wengi hawaujui, na ambao mimi nauamini zaidi kwa mambo ya choo, mtaro na maji machafu, ni wa afisa wa afya ya umma. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inaihesabu nyumba iliyo katika hali ya kudhuru afya, au choo na mtaro wa namna hiyo, kuwa kero. Afisa akikagua na kuridhika, anampa mhusika notisi ya kuiondoa kwa muda maalum. Akikaidi, anapelekwa kortini. Sheria hii haiulizi unalipa kodi ngapi. Na kwa kuwa afya iligatuliwa, maafisa hawa wako chini ya kaunti, kwa hivyo huna haja ya kwenda Nairobi. Shimoni iko kaunti ndogo ya Lunga Lunga, uliza huko, au anzia zahanati iliyo karibu nawe wakuelekeze. Lodi aliyepuuza simu zako tano huwa mtu mwingine kabisa akiona karatasi yenye mhuri.

Kuna wanaosema dawa ni kugoma kulipa kodi. Historia ya Waswahili inawapa moyo: mwaka 1928 watu wa Ng'ambo, Zanzibar, waligoma kulipa kodi ya viwanja walivyojengea nyumba zao, mpaka serikali ya kikoloni ikalazimika kuidhibiti kodi hiyo. Lakini Ng'ambo waligoma mtaa mzima. Wewe ukigoma peke yako chumba namba sita, unamkabidhi lodi silaha. Kenya bado ina sheria inayomruhusu kutuma dalali mwenye leseni akamate mali yako kwa deni la kodi, na hapo kesi ya bomba imekwisha, imebaki kesi ya televisheni yako. Ng'ambo tuchukue ule umoja. Kugoma tuache.

Umoja wenyewe ndio mgumu hapa. Shimoni ni ndogo. Lodi ni mjomba wa rafiki yako, mnaswali safu moja Ijumaa, na mkewe ndiye aliyekuletea uji ulipougua. Kumwandikia barua kunaonekana ni kama kumshtaki. Mgeni kutoka bara naye anaogopa kuambiwa amekuja juzi na ameshaanza kuleta siasa. Ndiyo maana malalamiko yanabaki barazani, yanasemwa kwa mafumbo, na yanapeperuka na upepo wa kusi. Heshima ni kitu kizuri, ila mzee anaweza kuamkiwa vizuri na bado akaandikiwa.

Ujumbe wenyewe hauhitaji wakili. Andikeni wapangaji wote pamoja, utumwe kwa simu ya mwenye nyumba mwenyewe, si keateka peke yake, pamoja na picha zenye tarehe:

"Mzee, shikamoo. Sisi wapangaji wako wa vyumba sita twakuarifu kwamba shimo la choo limejaa tangu tarehe 3, na maji machafu yanatoka karibu na kisima. Keateka tulimweleza tarehe 5 na tarehe 12. Kodi ya mwezi huu tumelipa sote. Twaomba shimo linyonywe na lirekebishwe ndani ya siku 14. Likibaki hivi, tutalazimika kumwita afisa wa afya ya umma aje alitazame. Ahsante."

Kila sentensi hapo ina kazi. Tarehe zinaonyesha kwamba alijulishwa. Ile ya kodi inamnyima kisingizio cha kuleta dalali. Siku 14 si amri ya sheria, ni muda ambao mtu yeyote ataona mlimtendea haki. Na afisa ametajwa kwa adabu.

Msiufute huo ujumbe hata lodi akipiga simu kwa hasira. Siku ya 15, kama choo bado kinafurika, wawili kati yenu pandeni matatu asubuhi na hizo picha, na mkifika ofisini ombeni malalamiko yenu yaandikwe kitabuni kabla hamjatoka.