Ulimi wa Kuazima

Mtu aliyekulia Mchikichini hajui ladha ya blackberry. Blackberry tunayoijua sisi ilikuwa simu. Lakini mpe kijana wa hapa mwenye shahada glasi ya mvinyo mwekundu kutoka California, mwache aizungushe mara mbili na kuinusa, utamsikia akitamka kwa utulivu kabisa kwamba anapata blackberry, raspberry, na kwa mbali harufu ya mbao za mwerezi. Hajapata chochote. Amesoma mgongo wa chupa.

Naandika kuupinga mchezo huo. Nawe msomaji usiyekunywa, usiondoke. Hoja yangu inapitia kwenye chupa, lakini inamhusu pia mkulima wa Dodoma ambaye pengine hanywi hata yeye.

Chupa iliyoniudhi ilikuwa ya Primitivo. Binamu yangu alikuja na chupa mbili kutoka Marekani. Ya kwanza tuliifungua sebuleni kwetu, hatua chache kutoka soko la mitumba la Karume, tukainywa watu wanne kwa glasi za maji. Primitivo ni zabibu ya Puglia, kusini mwa Italia, kule kwenye kisigino cha buti, na jina lake linatokana na tabia yake ya kuwahi kuiva. Ikilimwa California hutoa mvinyo mzito, mara nyingi wenye kilevi cha asilimia 14 au 15, na utamu wa matunda yaliyopikwa kama jamu. Binamu akasoma maelezo ya lebo kwa sauti, kama anayesoma somo kanisani. Shemeji yangu, fundi cherehani, alikuwa ameshapiga funda lake. Akatulia kidogo, akasema: "Mbona hii ni zambarau?"

Akachekwa. Akaambiwa kwamba mvinyo hauonjwi hivyo.

Lakini ilikuwa zambarau. Zambarau iliyoiva mpaka inapasuka, ile inayopaka ulimi rangi na kuacha kinywa kimekaza. Nyuma yake kulikuwa na pilipili manga, na mwishoni kitu kama ukwaju uliochemshwa na sukari. Hizo zote unazipata Kariakoo, kwa fungu au kwa kupimiwa. Yule aliyekuwa na ushahidi mdomoni alichekwa na watu waliokuwa na karatasi mkononi. Hilo ndilo lililonikasirisha, na bado linanikasirisha.

Wapo wanaosema Kiswahili hakina maneno ya kazi hiyo. Si kweli. Tuna neno ukakasi, na kila mtoto aliyewahi kung'ata bibo la korosho au ndizi mbichi alilijua mdomoni kabla ya kuliona kwenye kamusi. Ukakasi huohuo ndio unaotoka kwenye maganda na mbegu za zabibu na kukausha ulimi unapokunywa mvinyo mwekundu. Tuna ugwadu, tuna uchachu, tuna ukali na uchungu, na hakuna mpishi wa Dar es Salaam anayevichanganya. Lugha yenyewe ina uzoefu na kinywaji hiki: mvinyo ni neno la Wareno, divai la Wafaransa, na zabibu la Waarabu, ambao kwao humaanisha zile zilizokaushwa. Kwa karne nyingi Kiswahili kimepokea vitu vya wageni, kikavionja na kuvipa majina bila kuomba radhi. Aibu hii ni ya kwetu sisi tuliosoma.

Na kipaji cha kuchunguza kitu tunacho. Nenda Karume asubuhi, belo linapofunguliwa. Mama anayechagua magauni haanzi na lebo. Anageuza nguo ndani nje, anapitisha kidole kwenye mshono, anavuta kitambaa, anakinyanyua kwenye mwanga kutafuta tundu. Jina kubwa la Italia kwenye mshono uliochoka halimtishi. Blauzi isiyo na jina yenye pamba nzuri anaikamata kabla mwenzake hajaiona. Anajua kwamba lebo hushonwa, na kilichoshonwa hufumuliwa. Mtoto wa mama huyo, aliyesomeshwa kwa fedha ya biashara hiyo, ndiye leo anayesoma lebo ya chupa kama hati ya kiwanja.

Angejua historia ya lebo hiyo, angeiogopa kidogo. Kwa muda mrefu watu wa California walijivunia zabibu waliyoiita Zinfandel, wakiihesabu kuwa ya kwao. Mwaka 1967 mtafiti wa Marekani, Austin Goheen, akiwa Puglia aliona mizabibu ya Primitivo, akashangaa jinsi ilivyofanana na ile ya nyumbani. Katika miaka ya 1990 Carole Meredith wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alithibitisha kwa vinasaba kwamba ni zabibu ileile. Mwaka 2001 yeye na wenzake wa Kroatia, Ivan Pejić na Edi Maletić, waliikuta tena katika mizabibu michache ya pwani ya Kroatia, ikiitwa Crljenak Kaštelanski. Kumbe hata Italia ilikuwa mpangaji tu. Na baadhi ya watengenezaji wa Puglia walipoona jina la Zinfandel linauza Marekani, waliliandika kwenye chupa zao wenyewe.

Simlaumu yeyote kati yao. Mimea husafiri. Mchikichini yenyewe inabeba jina la mti wa mawese, ambao asili yake ni Afrika Magharibi na Afrika ya Kati, na hakuna aliyetutaka tulirudishe. Watu wa California waliupokea mzabibu wa ugenini, wakaulima, wakaunywa, wakausema kwa maneno yao hadi ukawa wao. Sisi nasi tulipokea mzabibu, halafu tukauonea haya.

Ulikuja Dodoma na wamisionari Wakatoliki wa Kiitalia katikati ya karne iliyopita, kwa ajili ya divai ya misa, na Bihawana ni kati ya mahali ulipoanzia. Ukaikubali ardhi ya Wagogo, kavu, yenye msimu mmoja wa mvua. Huko zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Mkulima wa Puglia au wa California hana bahati hiyo, maana mizabibu yake hulala majira ya baridi. Aina inayotawala mashambani ni zabibu nyekundu iitwayo Makutupora, jina la eneo palipo na kituo cha utafiti wa zao hilo. Yaani tuna zabibu yenye jina la mahali petu, na bado sijamsikia mjuzi hata mmoja wa Dar es Salaam akieleza ina ladha gani. Nimewasikia wengi wakisema "inaumiza kichwa."

Dharau hiyo ina gharama, na anayeilipa hayupo sebuleni kwetu. Mara kwa mara tunasoma habari ileile: wakulima wa Dodoma wamevuna, wanunuzi hawaonekani, zabibu zinaozea shambani, au zinakamuliwa na mchuzi wake unakaa kwenye matangi kusubiri mteja. Serikali imegusa upande wa kodi. Mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za nchini hutozwa ushuru mdogo kuliko mvinyo mwingine. Lakini ushuru haumfundishi mtu kuonja. Zabibu hupanda thamani pale wanywaji wanapoweza kusema shamba hili linatoa kitu gani ambacho lile halitoi. Nani ametuambia zabibu za Hombolo zinatofautianaje na za Bihawana? Mahali ambapo hakuna anayeweza kujibu, zabibu zote ni kilo tu, na mwenye kilo hana cha kudai mezani.

Hapa wazalendo watanipigia makofi, nami siyataki. Sisemi unywe mvinyo wa Dodoma kwa sababu ni wetu. Hiyo nayo ni lebo, imebadilishwa bendera tu. Chupa nyingi za Dodoma nilizokunywa zilikuwa tamu kupita kiasi, na chache zilinuka siki. Nyingine ziliharibiwa dukani, zimesimama dirishani zikipigwa na jua la saa nane mchana, na jua hilo lingeiua hata Primitivo ya binamu. Kasoro hizi zinahitaji mnywaji anayezitaja moja moja ili mtengenezaji na mwenye duka wazisikie. "Mbaya" haimsaidii mtu. "Sukari imefunika ugwadu" inamsaidia.

California nayo ilidharauliwa. Tarehe 24 Mei 1976, mjini Paris, Mwingereza Steven Spurrier aliwapa waamuzi wa Kifaransa mvinyo wa Ufaransa na wa California bila kuwaonyesha ni upi uko kwenye glasi ipi. Mweupe ulioshika nafasi ya kwanza ulikuwa wa Chateau Montelena, mwekundu ulikuwa wa Stag's Leap Wine Cellars, wote wa California. Waamuzi walikuwa mabingwa. Walipoondolewa lebo, walibaki na ndimi zao, na ndimi zikasema walichokuwa wanakataa kukisema.

Nasi tulijaribu, kwa chupa ya pili ya binamu na chupa ya Dodoma isiyotiwa sukari, zote zimefungwa gazeti. Sharti lilikuwa moja: usitaje tunda ambalo hujawahi kulila. Hakukuwa na muujiza. Wawili walichagua ya California, na walisema kwa nini: zambarau yake ilikaa mdomoni muda mrefu, ukakasi wake ulikuwa laini. Mmoja alichagua ya Dodoma kwa ugwadu uliosafisha kinywa baada ya pweza. Shemeji alisema zote mbili zilitaka nyama choma. Dodoma ilishindwa, lakini kwa mara ya kwanza katika nyumba ile ilishindwa kwa sababu zinazoweza kurekebishwa.

Kwa hiyo nina madai. Ninyi mnaofungua baa na migahawa Kariakoo na Posta, wekeni mvinyo wa Dodoma kwenye orodha, mbali na jua, na uelezeni kwa Kiswahili. Ninyi mnaoandika kuhusu vyakula, acheni kutuletea blackberry. Andikeni zambarau, forosadi, ukwaju, karafuu, ukakasi wa bibo. Mkiuona mbovu, elezeni ubovu wake kwa maneno hayohayo, bila huruma. Mkulima wa Hombolo hajatuomba huruma. Anavuna mara mbili kwa mwaka, na anastahili mnywaji anayejua kilichomo mdomoni mwake.